Nazi ya Haji, Tundu Letu

Wajukuu zangu, mna adabu sana siku hizi. Mwaingia, mwatoa shikamoo, mwakaa mkekani mmekunja miguu, na baada ya kuuliza habari za mgongo wangu mmoja wenu hukohoa kidogo akasema, "Babu, ati zamani ulitokaje kwenye madeni?" Hasemi kwa nini anauliza. Redio mpya i kwapani, viatu bado vyanuka duka, lakini hasemi. Mimi nimeezeka mapaa ya makuti maisha yangu yote, benki nimeziona kwa nje tu, na bado mwanijia mimi. Basi kaeni. Ila msitegemee hekima. Hekima niliyo nayo niliichukua kwa mkopo, na niliilipa ghali.

Kwanza mjue kuwa baba yangu alikuwa mtu wa watu. Hapa Msambweni hapakuwa na mtu aliyependwa kama yeye, na hapakuwa na mtu ambaye hakuwa na chake kwa baba. Akitaka samaki hakusema "nikopeshe," hilo ni neno la watu wasio na lugha. Alimsifu muuzaji, akamsifu mamake muuzaji, akachukua samaki, akasema, "Kesho, dada." Yule dada alirudi kwake akijiona ametukuzwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Baba alikula harusi yote, akatuachia sisi matanga, tena matanga yake mwenyewe.

Alfajiri aliyofariki, ami yangu Masudi, mdogo wake baba, alinituma dukani kwa Bwana Nasoro nikachukue bafta ya sanda. Bwana Nasoro alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akiwa na duka ana mtihani mkubwa. Alinipa pole, akaomba dua, akalia. Sifanyi mzaha, alilia machozi. Kisha akashika mkasi, na hakukata.

"Mwanangu Rama," akasema, "marehemu alikuwa ndugu yangu. Lakini bafta hii ni taslimu."

Nilirudi mikono mitupu. Ami Masudi akazunguka nyumba za jirani akichangisha, na baba yangu akazikwa kwa sanda ya mchango. Mji mzima ulijua kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, na kijana mwenye aibu, wanangu, ni hatari kuliko kijana mwenye panga.

Desturi mnaijua. Maiti akishafukiwa, kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa wenye msiba husimama akatangaza. Ami Masudi alikuwa ameshajitayarisha na maneno yake yaliyopimwa: anayemdai marehemu na awaone warithi, tutazame alichoacha. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye akili yote. Maana sheria ni kwamba maiti hulipiwa kwa kile alichoacha, na kisichotosha huombewa msamaha. Hakuna anayemlazimisha mtoto.

Mimi sikumngoja ami. Nilisimama mbele yake, nimevaa kanzu niliyoazima, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Deni la baba yangu, dogo na kubwa, ni langu mimi Ramadhani. Asiulizwe mwingine!"

"Mashaallah!" wakasema watu. "Huyo ndiye mtoto wa kiume!" Walinishika mkono mmoja mmoja. Walinishika kwa nguvu sana, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni mapenzi.

Ami akanifinya paja. "Umefanya nini, mpumbavu wewe?"

"Nimelinda heshima ya baba."

"Haya. Kesho utaiona hiyo heshima ikija kupiga hodi."

Na ikaja kweli. Hata hitima haijasomwa, walikuwa wamejaa barazani. Alikuja mtu kutoka Kinango, kakanyaga vumbi njia nzima kwa ajili ya mbuzi aliyeliwa zamani. Alikuja fundi wa cherehani. Mmoja alidai jembe ambalo baba aliliazima kabla mimi sijazaliwa. Nililitafuta jembe lile, nikapata mpini. Alikuja Binti Kombo, muuza samaki, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu walio katika mashua za mbali, akasema yeye hana haraka, apewe atakapopewa. Nikamwona mtu mdogo wa deni dogo. Mtaona.

Wa mwisho alikuja Haji Suleimani, mtu mtaratibu, fimbo mkononi, na mashahidi wawili nyuma yake. Akatuambia kuwa minazi iliyoizunguka nyumba yetu baba alikuwa ameiweka rahani kwake. Yeye alitoa pesa, na mpaka pesa yake irudi nzima, nazi ni zake. Riba ni haramu, wanangu, na Haji alikuwa amekwenda Makka; hakula riba hata senti moja. Alikula nazi. Na nazi alizokula hazikupunguza deni hata kidogo. Kisha pakawa na sharti: pesa isiporudi ikafika Idi Kubwa ya tatu, minazi inakuwa mali yake moja kwa moja. Idi moja ilikuwa imeshapita, tukiisherehekea kwa furaha kubwa, hatujui lolote.

Mama, Mwanamisi, alikuwa nyuma ya mlango akisikia yote. Minazi ile aliinyweshea maji yeye kwa kichwa chake tangu alipoletwa bibi arusi. Wale wakwezi waliokuwa wakija kuangua, baba alimwambia ni watu wake, wanapeleka nazi sokoni.

"Kwa hiyo nazi ya wali nitaomba?" akauliza.

"Ukiomba, Mwanamisi, sitakunyima," akasema Haji, kwa upole kabisa.

Afadhali angemtukana. Tangu siku ile nililojua ni moja tu: minazi ikienda, mama yangu atazeeka katikati ya mali ya watu, akiomba nazi kwa mtu ambaye hatamnyima. Mbuzi wa Kinango na mpini wa jembe vingesubiri. Hilo halikuweza kusubiri.

Sasa ndipo tufike kwenye kazi. Nilikuwa mwanafunzi wa Fundi Bakari, mwezekaji aliyeheshimiwa kutoka hapa hadi Likoni. Miaka ile Wazungu walikuwa wameanza kujenga vijumba vya mapumziko pwani ya Diani. Watu wenye mabati kwao, wenye vigae, walivuka bahari yote ile kuja kulala chini ya makuti. Sisi tuliokuwa tukiota mabati tuliwaezekea, tukanyamaza. Mteja hafundishwi.

Kuezeka, kwa ninyi mliozaliwa chini ya bati, ni kazi ya kubanana. Kuti la juu lazima lililalie la chini, yaachane vidole vitatu tu, na ufunge kwa kamba ya makumbi ya nazi iliyolowa, ili ikikauka ijikaze yenyewe. Ukiachanisha zaidi, paa litapendeza vilevile, na mwaka wa kwanza hakuna atakayejua. Mimi nikafikiri: nikiachanisha kiganja kizima, nitabakiwa na mafungu ya makuti, niyauze, nimpunguzie Haji. Akili nyingi sana nilikuwa nazo.

Nilipoezeka hivyo kijumba cha bibi mmoja wa Kizungu, Fundi Bakari alisimama ndani ya chumba, akatazama juu kwa muda mrefu, mikono mgongoni.

"Rama, huyu bibi wa Kizungu alikuomba atazame nyota akiwa kitandani?"

"Hapana, fundi."

"Basi mbona umemfanyia ihsani?"

Akanifanya nifumue upande ule wote na kuezeka upya, bila ujira, huku yeye amekaa kivulini akila machungwa. Jioni alipokuwa anafunga vyombo vyake akasema, "Paa la baba yako lilikuwa la namna hii. Zuri kwa kulitazama." Niliumia sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu hapo sikumwibia mtu hata kidole kimoja cha paa.

Ujira wangu wa uanafunzi ungemlipa Haji, naam, kama Idi Kubwa ingekubali kunisubiri hadi nipate wajukuu. Tulichopata badala yake kilitudondokea kutoka juu.

Nazi ilianguka juu ya jiko la mama, ikatoboa paa, ikatua kando ya chungu. Mama hakuumia, alhamdulillahi. Hata moyo haujatulia, mkwezi wa Haji kabisha hodi. Aliisikia ikianguka.

"Nimefuata nazi ya Haji," akasema.

Mama akamnyoshea kidole juu. "Na tundu lile?"

Yule mtu akalitazama tundu, akafikiri kwa uaminifu, akasema, "Nazi ni ya Haji. Tundu ni lenu."

Akachukua nazi, akaenda zake. Siku ya pili Haji mwenyewe akapita kuangalia mali yake, Ami Masudi na wazee wawili wa msikitini wakiwa barazani kwetu. Hakuuliza habari za tundu. Akatazama makuti makavu yaliyoanguka uwanja mzima, akakunja uso.

"Mwanamisi, mbona uwanja mchafu hivi? Wakwezi wangu wajikwaa. Taka hizi ni zenu, zizoeni."

"Taka ni zetu, Haji?" akauliza mama.

"Ni za nani tena? Mimi nina haja na nazi, sina haja na taka."

"Nasi tutazizoa, inshallah," akasema mama, kwa adabu ambayo mimi mwanawe niliiogopa.

Akazizoa! Kila kuti lililoanguka alilizoa, akaliroweka, akachambua majani, akayakunja juu ya fito na kuyashona, kuti baada ya kuti, mpaka vidole vikapasuka. Mkono wake ulikuwa wa kubana; makuti yake yalikuwa mazito, hayapitishi mwanga. Mimi nikayapeleka kwa Fundi Bakari, na Fundi Bakari, aliyekuwa hamsifu mtu, akayapindua, akayatazama, akasema tu, "Lete mengine." Vijumba vya Diani vilikuwa vikiongezeka kama uyoga. Taka za Haji zikapanda lori kwenda kuwafunika Wazungu, na pesa zikarudi kwa mama, na mama akanituma nizipeleke kwa Haji, mbele ya mashahidi wale wale wawili. Haji akazipokea kwa furaha. Aliniombea hata dua nizidi kupata.

Dua ikakubaliwa, kwa hiyo akaanza kuuliza napata wapi. Alipojua, lo! Alikuja mbio, fimbo hewani, akamwita Ami Masudi na wazee, tukakaa baraza ya msikiti baada ya sala ya alasiri.

"Mti uliwekwa rahani kwangu mimi," akasema. "Kuti ni la mti. Haya makuti ni mali yangu!"

Mimi nilitaka kurukia maneno kama kule makaburini, lakini Ami Masudi alikuwa ameshakaa karibu na paja langu. Mama akasema kutoka upande wa wanawake, pole pole, kila mtu akasikia:

"Haji, nazi ilipotoboa jiko langu, tundu lilikuwa la nani?"

Haji akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Na makuti yalipowakwaza wakwezi wako, taka zilikuwa za nani?"

Wazee wale wawili walikuwako siku ile. Mmoja akaanza kukohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa kicheko. Wakamwuliza Haji kama alisema au hakusema. Na Haji, nitampa haki yake, hakuwa mwongo. Angeweza kukana. Akatazama fimbo yake, akasema, "Nilisema." Shauri likaisha hapo, tukaenda kunywa kahawa, na kahawa ile alinunua yeye.

Tulikomboa minazi mwezi mmoja kabla ya Idi ya tatu. Haji akazihesabu pesa za mwisho, akasema, "Kwani haraka ya nini, Rama?" Siku ile mama aliangua nazi yake mwenyewe, akakuna, akatia tui katika kila kitu, wali tui, mchuzi tui, hata maharage yakaogelea. Alikuwa akikuna huku machozi yanamtiririka. Nilipomtazama akasema ni moshi, na jiko bado hajaliwasha.

Hapa ndipo mnapokosea, wanangu. Mwadhani hadithi imekwisha. Deni limelipwa, jina limetakata, sasa twende tukakope tena. Mimi nami nilidhani hivyo. Nikaenda kwa Bwana Nasoro, kifua mbele, nikataka panga jipya la kazi, nilipe mwisho wa mwezi.

"Umemlipa Haji, nimesikia," akasema. "Mbuzi wa Kinango umemlipa, nami chumvi yangu aliyokopa marehemu umenilipa. Hongera. Panga ni taslimu."

"Kwa nini, Bwana Nasoro?"

"Mwulize Binti Kombo."

Miaka ile hapakuwa na karatasi ya kuonyesha mtu ni mwaminifu. Palikuwa na Binti Kombo. Kichwani karai la samaki, mdomoni habari za kila mlipaji na asiyelipa. Alitembeza Msambweni yote, na akipata lori la kupanda alifika hadi Bongwe na Tiwi. Alichosema yeye ndicho ulichokuwa. Nami deni lake la baba, kwa kuwa dogo, nilikuwa nimeliacha nyuma ya yote. Kila akinikuta njiani nilimwamkia vizuri, nikamsifu, nikamwambia, "Kesho, shangazi."

Sikujua nilikuwa nikisema kwa sauti ya nani mpaka yeye aliponiambia. Nilimpelekea pesa zake jioni ile ile, akazipokea, akazifunga kwenye pindo la leso.

"Deni umelipa," akasema. "Jina bado."

"Sasa shangazi, wataka nini tena?"

"Mimi sitaki kitu. Hata mwizi hulipa akishikwa. Kila ukiniambia kesho, namsikia baba yako yu hai. Nitakujua siku utakapokopa tena."

Mwaona dunia? Nimetoka kwenye shimo kwa kucha, natakiwa nirudi mlangoni kwake kuonyesha kuwa najua kutoka. Basi nikawa nakopa samaki ambao sina haja nao. Nikisema Ijumaa, nalipa Alhamisi. Nikisema jioni, nalipa adhuhuri. Mwaka ule nilikula samaki mpaka nikawa naona haya kuitazama bahari. Mwanzo alinipokea kimya. Baadaye akaanza kupiga kelele sokoni, "Jamani, Rama kalipa kabla ya siku! Mamake alimpata wapi huyu?" Tusi hilo lilinipa panga la Bwana Nasoro. Alinitupia juu ya meza, hata kabla sijaomba, akasema mwisho wa mwezi si vibaya.

Kwa hiyo mkitaka ushauri, ni huo, na hamtaupenda: mwenye deni dogo na mdomo mkubwa mlipeni kwanza. Na msiseme "kesho" kwa sauti nzuri. Ikibidi kusema, semeni vibaya.

Haji naye alikuja kuezekewa nyumba yake. Alitaka makuti ya Mwanamisi, si mengine. Bei walipatana wao wawili, mimi niliezeka tu, vidole vitatu, bila kuachanisha.

Mama hakuuona Uhuru. Homa ilimchukua kwa siku chache, kama mtu aliyekuwa na safari yake tayari. Tulipomfukia, nilisimama. Ami Masudi alikuwa mzee sasa, alisogea karibu kwa mazoea, lakini safari hii niliyasema maneno yake yale yale aliyoyapima: "Anayemdai marehemu na atuone warithi, tutazame alichoacha."

Hakuna aliyejongea. Binti Kombo alikuwa nje ya ua pamoja na wanawake, na hata yeye hakuwa na la kusema. Kisha fimbo ikainuka nyuma ya watu.

"Mimi simdai," akasema Haji Suleimani. "Mimi nadaiwa. Makuti ya nyumba yangu, nusu ya pesa zake bado iko kwangu. Nilimwambia kesho."

Nilimtazama mzee yule, nikasikia ulimi wangu wa zamani ukijinyosha wenyewe. "Makuti ni taka, Haji," nikasema. "Ulisema mwenyewe. Taka hazidaiwi."

Watu walicheka makaburini, Mungu atusamehe, na Haji alicheka na kulia pamoja, akanikumbatia. "Mashaallah," wakasema tena. "Huyo ndiye mtoto wa kiume." Ami Masudi akanifinya paja.

Asubuhi yake Haji alileta zile pesa zote hata hivyo, akaziweka mkekani mbele ya Binti Kombo, awe shahidi. Nikazipokea. Kwani mlidhani nitazikataa? Nilizichukua zikiwa bado na joto la mkono wake, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Nasoro kulipa bafta ya sanda ya mama. Alikuwa ameikata jana yake alfajiri, kabla sijamaliza salamu, wala hakuniuliza nitalipa lini.